Kupingana kwa hoja kwenye makongamano ya taaluma bila kuvunjiana heshima: taratibu zinazofanya kazi ukumbini

Kigoda_cha_Mninga (mleta mada)

Wakuu salaam,

Uzi huu ni kwa walio kwenye kamati za maandalizi ya makongamano ya taaluma: wahandisi, wahasibu, madaktari, watu wa maji, wa bima, wa TEHAMA.

Kuna kumbi za aina mbili zinazoharibu kazi. Kwenye ukumbi wa kwanza, kila anayesimama anampongeza mtoa mada kwa wasilisho zuri, na hesabu iliyokosewa kwenye slaidi ya tisa inaingia kwenye maazimio kama ilivyo. Kwenye ukumbi wa pili, mtu anasimama kumuumbua mwenzake, na kijana aliyekuja na matokeo ya kweli mwaka unaofuata haleti andiko. Kamati nyingi, kwa kuogopa ukumbi wa pili, zinajenga wa kwanza kwa kubana maswali. Hapo ndipo ninapopingana nazo. Mtu aliyepewa nusu dakika kueleza kasoro inayohitaji dakika tatu atarusha hukumu, maana hoja haienei kwenye muda huo. Ukali mwingi wa ukumbini unatokana na ratiba.

Tuanze na hesabu. Kikao cha dakika 90 chenye watoa mada 4 wa dakika 15 kwenye karatasi kinabakiza dakika 30. Kuchelewa kuanza, kusoma wasifu wa kila mtu na kuhangaika na kompyuta vinazila. Mgawanyo unaobeba mjadala ni huu: mwenyekiti kufungua dakika 5, watoa mada 3 wa dakika 12 (36), mhakiki dakika 8, mjadala 35, kubadilishana jukwaa 3, kufunga 3. Jumla 90.

Mhakiki ndiye anayeshikilia mpango mzima. Anapewa andiko kamili siku 14 kabla. Siku 5 kabla anamwandikia mtoa mada hoja mbili au tatu atakazosema ukumbini. Hakuna kuviziana: mtoa mada anakuja na takwimu zake mkononi. Kama kosa limesharekebishwa kabla ya siku yenyewe, mhakiki anasema tu kwamba limerekebishwa, hasimulii lilivyokuwa. Asiyetuma andiko siku 14 kabla anahamishiwa kwenye mabango ya ukutani, na sharti hilo liandikwe tangu tangazo la kwanza la kuita maandiko. Likitungwa baadaye, mtu wa kwanza kuliangukia ataona ameonewa.

Mfano wa zamani wa kujiandaa namna hii ni mdahalo wa wanaastronomia Harlow Shapley na Heber Curtis, Washington, Aprili 26, 1920. Waliandikiana barua kabla, wakakubaliana muda, dakika 40 kila mmoja. Mwaka 1921 hoja zao zikachapishwa. Ikaja kuonekana kwamba Curtis alikuwa sahihi kuwa zile nebula za mzunguko (madoa ya mwanga yaliyojipinda, yanayoonekana angani kwa darubini) ni galaksi nyingine, yaani makundi makubwa ya nyota nje ya letu, na Shapley alikuwa sahihi kuwa Jua letu haliko katikati ya galaksi yake. Kila mmoja alikuwa na nusu ya jibu, na aliyetaka jibu zima ilimbidi awasikilize wote wawili.

Naomba wenye uzoefu wachangie upande wa maswali, vipaza sauti, wadhamini na itifaki. Nawasilisha.

---

Ratiba_Kamili

Mkuu, dakika 35 hizo zitaliwa na mgeni rasmi kabla hujafika kwenye kikao.

Ufunguzi umeandikwa saa 3:00 asubuhi, mgeni anafika saa 4:30, kisha hotuba, tuzo za wadhamini na picha ya pamoja. Vikao vya kitaalamu vinaanza saa 6, na kinachokatwa ni maswali, kwa sababu kwenye ratiba yameandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la mtoa mada. Tiba:

Kikao cha kwanza cha kitaalamu kianze saa 2:30, ufunguzi rasmi uwekwe saa 5:00. Mgeni akichelewa, kazi inaendelea. Ofisi yake iandikiwe hivyo mapema, na nyingi hukubali kwa sababu kiongozi naye hapendi kuingia ukumbi wenye viti vitupu.

Mjadala uwe na mstari wake kwenye ratiba, wenye saa ya kuanza na jina la anayeuongoza.

Salamu za itifaki zisomwe mara moja na MC. Wanaofuata waseme "itifaki imezingatiwa" na kuingia kwenye mada. Wazungumzaji 10 wakitumia dakika 2 kila mmoja kuwataja walioko meza kuu, zimekwenda dakika 20.

Muda ukipungua, punguzeni mawasilisho yote kwa kiwango sawa, au ahirisheni moja zima. Maswali yasiguswe.

---

BiMwenyekiti

Naunga mkono hoja ya mhakiki. Mimi nitasema juu ya desturi ya kukusanya maswali matano kwa mpigo.

Kinachotokea kinajulikana. Mtoa mada anaandika yote matano, anajibu la kwanza na la tano kwa sababu ni mepesi, na lile gumu la tatu anasema "nadhani limeshajibiwa humo humo". Aliyeuliza hana tena kipaza sauti. Anatoka na kinyongo, anakipeleka kwenye kundi la WhatsApp la taaluma, na huko hakuna mwenyekiti.

Swali la kiufundi lijibiwe moja moja: sekunde 45 kuuliza, dakika 2 kujibu, sekunde 30 za muulizaji kurudi. Kwa dakika 35 unapata maswali 10 na akiba kidogo. Zile sekunde 30 watu wanazidharau, lakini ndizo zinazofanya yawe mazungumzo. Muulizaji anasema moja kati ya matatu: nimeridhika, sijaridhika kwa sababu hii, au tuendelee kwa maandishi. Akichagua la tatu, katibu anaandika majina na hoja, na tarehe ya kujibiwa inatangazwa pale pale.

Kazi ya mwenyekiti ni kumvua mtu maneno makali na kumwachia hoja yake. Mchangiaji akisema, "Huyu hajui hata kupima mtiririko wa maji," mwenyekiti asikimbilie kudai radhi, kwa sababu ukumbi mzima utahamia kwenye ugomvi. Aseme: "Swali ni juu ya njia ya kupima. Mtoa mada, mlitumia kifaa gani, mlipima mara ngapi, na kosa la kipimo ni kiasi gani?" Mara nyingi inatosha. Akirudia, anaambiwa kwa jina: "Mhandisi, hoja yako imepokelewa, zungumzia kipimo, usimzungumzie mpimaji." Mara ya tatu kipaza sauti kinakwenda kwa mwingine.

Jambo jingine ni nani anayeanza. Utafiti wa Alecia Carter na wenzake, uliochapishwa kwenye jarida la PLoS ONE mwaka 2018, uliangalia semina karibu 250 katika nchi 10. Swali lilikuwa na uwezekano wa mara 2.5 zaidi kuulizwa na mwanamume kuliko mwanamke, na wa kwanza kuuliza akiwa mwanamume, wanawake waliuliza kidogo zaidi. Swali la kwanza apewe mwanamke au kijana. Kwetu hili lina uzito wa ziada: mzee wa fani akishasema "mimi naona hili ni sahihi", hakuna wa chini atakayesimama kusema siyo. Mzee aheshimiwe kwa kupewa nafasi ya kuhitimisha, na aelezwe hivyo mapema.

Halafu kuna wanaoleta desturi za Bunge: "Taarifa, Mwenyekiti!", "Kuhusu utaratibu!" Kule zina kanuni zake, kwenye kongamano zimekuwa njia ya kumkata mtu kauli. Mwenyekiti atangaze mwanzoni kwamba hazitumiki.

---

Mpembuzi_Yakinifu

Dada BiMwenyekiti, hapo kwenye moja moja kwa kusimama naomba kutofautiana nawe.

Umeeleza adabu ya watu waliolingana. Fani nyingi hapa kwetu ni ndogo: anayetoa mada ndiye mkurugenzi wa taasisi iliyomwajiri muulizaji, au ndiye atakayepitia zabuni yake mwezi ujao. Mtu huyo hatasimama, na ukimya wake usihesabiwe kuwa ameridhika. Lazima pawe na mlango wa maandishi.

Njia nyepesi: kadi mbili za ukubwa wa robo ya A4 juu ya kila kiti. Wahudumu wanazikusanya mtoa mada wa mwisho anapomaliza, siyo kabla, maana swali lililoandikwa kabla ya kusikia lote linaweza kuwa limeshajibiwa. Wachambuzi wawe wawili, mmoja asiwe wa taasisi za watoa mada. Swali liondolewe kwa sababu tatu tu: linamshambulia mtu, linafichua siri ya mteja au mgonjwa, au limerudiwa. "Ni kali" isiwe sababu. Idadi ya kadi zilizopokelewa na zilizoondolewa itangazwe, la sivyo watu wataamini kwamba magumu yametupwa.

---

BiMwenyekiti

Nakubali kuhusu kadi, kwa sharti moja. Asiye na jina anaweza kuuliza lakini hawezi kutuhumu. "Kwa nini mita zilizofungwa hazikupimwa upya?" ni swali, lisomwe. "Mita ziliachwa bila kupimwa kwa makusudi ili watu wale" ni tuhuma. Anayetuhumiwa ana haki ya kujua anayemtuhumu, na mahali pake ni kamati ya maadili ya bodi. Mchambuzi akiweza kuigeuza iwe swali kwa kuondoa maneno matano ya mwisho, aigeuze na kuisoma.

Na wanaotumia Slido, programu ya kutuma maswali na kuyapigia kura kwa simu: maswali yanayopigiwa kura nyingi ni yale ya jumla yanayomgusa kila mtu, posho na ajira. La kitaalamu lenye kura tatu linazama. Nusu yachukuliwe kwa kura, nusu achague mwenyekiti.

---

Ruta_Kuu

Kwenye fani ya mitandao ya intaneti tatizo hili limeandikiwa taratibu miaka mingi, na baadhi zinahamishika.

AFRINIC, inayogawa namba za intaneti Afrika, sera zake hujadiliwa wazi na yeyote, ukumbini au kwa barua pepe. Rasimu inawekwa hadharani wiki 4 kabla ya mkutano. Wiki ya mwisho hairuhusiwi kubadilishwa, ili wote wajadili toleo moja. Baada ya mkutano kuna wito wa mwisho usiopungua wiki 2. Hiyo ya kutobadilisha wiki ya mwisho iibeni jinsi ilivyo. Kinachoudhi sana ukumbini ni mtu kuandaa hoja zake kwa toleo la zamani, kisha anajibiwa "slaidi hiyo tuliitoa jana usiku".

Mwaka 2017, kwenye mkutano uliofanyika Nairobi, yalijadiliwa mapendekezo ya kuinyima serikali inayozima intaneti rasilimali mpya, yaani hizo namba za intaneti, kwa miezi 12. Ni jambo zito, na waliopinga walikuwa na hoja za sheria na za utekelezaji. Halikupata mwafaka kwenye mkutano huo. Utaratibu uliwawezesha watu kulipinga pendekezo bila kuwageuza walioleta kuwa maadui.

IETF, wanaotengeneza viwango vya intaneti, hawapigi kura. Mwenyekiti akitaka kujua ukumbi umeelemea wapi, huwaomba watu wagune mdomo ukiwa umefungwa: kwanza wanaokubali, kisha wanaokataa. Ni vigumu kuona nani kaguna, kwa hiyo mdogo hamwogopi mkubwa. Waraka wao wa RFC 7282 wa mwaka 2014 unaeleza kwamba mguno ni mwanzo wa mjadala: ukisikia upinzani, unauliza hoja yake ni ipi. Unasema pia kwamba watu 5 wakikubali na 100 wakikataa bado unaweza kuwa mwafaka, ikiwa hoja za wale 100 zimejibiwa kiufundi. Mwafaka wao hupimwa kwa kuona kama kila pingamizi limeshughulikiwa. Waandishi wa maazimio ya makongamano wanaoandika "wajumbe wote waliafiki" baada ya makofi wangejifunza kitu hapo. Azimio liwe na mstari wa pili: pingamizi lililotolewa, na lilijibiwaje.

---

Sauti_Safi

Upande wa vifaa, kwa sababu heshima nyingi inavunjikia kwenye spika.

Ukumbi wa watu 200: vipaza sauti viwili vya kusimama kwenye njia, kimoja kushoto na kimoja kulia, na kimoja cha mkononi kwa wasioweza kutembea. Vya kusimama vinatengeneza foleni inayoonekana, kwa hiyo hakuna malalamiko kwamba mwenyekiti anachagua marafiki zake. Cha mkononi akishike mhudumu mwenyewe muda wote. Ukimwachia mtu kipaza sauti, kukirudisha ni mvutano.

Mzungumzaji aone muda: kadi ya njano ikibaki dakika 1, nyekundu muda ukiisha, zikishikwa na mtu wa safu ya mbele. Saa kubwa ya kurudi nyuma kwenye kompyuta ya pili mbele ya jukwaa ni bora zaidi. Mwenyekiti naye aoneshwe kadi hizo hizo. Ukumbi ukiona amebanwa kama wengine, unatulia.

Fundi asimkate mtu sauti kwa uamuzi wake. Kukata katikati ya neno ni fedheha, na aliyekatwa ataendelea kwa kupaza sauti. Patana na mwenyekiti ishara moja, kwa mfano kuinua kalamu, naye aseme kwanza "asante, tumepokea", ndipo ushushe taratibu. Betri zibadilishwe wakati wa chai hata kama hazijaisha, maana kipaza sauti kikizimika kwa mpinzani wa hoja, hakuna atakayeamini ni betri.

---

Mkaguzi_wa_Mikataba

Nije kwa wadhamini, maana hapa uhuru wa hoja unapotea kimya kimya.

Mkataba wa udhamini uwe na kifungu kinachosema mdhamini hana kauli juu ya maudhui, wahakiki wala maswali, na fedha hazirudishwi kwa sababu ya kilichosemwa jukwaani. Bila hicho, simu itapigwa usiku wa kuamkia kongamano. Kila mtoa mada aweke kwenye slaidi ya pili nani alimlipa: mshahara, utafiti, nauli, hisa. Wasilisho la mauzo liitwe hivyo kwenye ratiba na liwekwe kikao chake.

Mtaalamu mwenye ushahidi kwamba bidhaa fulani inashindwa kazi aruhusiwe kuitaja, kwa masharti: namba ya toleo, mazingira ya matumizi, idadi ya vipande vilivyopimwa, namna ya kupima. Mtengenezaji apelekewe matokeo kabla na apewe dakika 5 za kujibu kikao hicho hicho. "Pampu za kampuni X ni takataka" haina nafasi. "Pampu 6 kati ya 20 za toleo hili zilivuja kwenye sili ndani ya miezi 8, maji yakiwa na mchanga" ina nafasi, na mtengenezaji wa maana anaihitaji.

Kuzuia hakusaidii. Julai 2005, kwenye kongamano la usalama wa mifumo la Black Hat huko Las Vegas, kurasa za wasilisho la Michael Lynn kuhusu udhaifu wa ruta za Cisco zilichanwa kwenye vitabu vya kongamano. Lynn alijiuzulu kwenye kampuni yake, ISS, akapanda jukwaani na kulitoa wasilisho. Cisco na ISS walikwenda mahakamani, yakaisha kwa makubaliano ya zuio. Jambo ambalo lingebaki kwa wataalamu wachache likawa habari ya dunia. Kwenye usalama wa mifumo siku hizi tarehe ya kutangaza udhaifu hupangwa mapema; kikundi cha Project Zero cha Google, kilichoanza 2014, kilijulikana kwa muda wake wa siku 90 wa kumpa mtengenezaji arekebishe.

---

Mgeni_wa_Pwani

Wakubwa, je, Kanuni ya Chatham House inasaidia? Naona inatajwa kwenye mialiko mingi.

---

Mpembuzi_Yakinifu

Inasaidia kwa kikao kimoja mahususi, mkuu. Haifai kwa kongamano zima. Ni kanuni ya taasisi ya Chatham House ya London, ya mwaka 1927, ikarekebishwa 1992 na 2002. Unaruhusiwa kutumia ulichosikia, huruhusiwi kumtaja aliyesema wala taasisi yake, wala mshiriki mwingine yeyote. Wengi wanadhani ni usiri wa kila kitu, sivyo. Inafaa kikao cha kujadili kazi zilizoharibika: daraja lililotitia, mfumo wa malipo ulioanguka, mgonjwa aliyepewa dawa siyo.

Inakofeli: kurekodi kwa Zoom kumeachwa kumewashwa, mtu anapiga picha slaidi yenye nembo, au fani ni ndogo kiasi kwamba ukisema "mhandisi mmoja wa kiwanda cha saruji" kila mtu anamjua. Zima kurekodi, ondoa nembo, na muhtasari usomwe na waliozungumza kabla haujasambazwa.

---

Mgeni_wa_Pwani

Nashukuru. La mwisho: mtoa mada mwenyewe akiwa ndiye anayemdharau muulizaji? "Ungesoma kwanza ndiyo uulize", mambo kama hayo.

---

BiMwenyekiti

Hilo ni zito kuliko muulizaji mkali, ndugu yangu, kwa sababu mwenye jukwaa ana nguvu zaidi na linawanyamazisha wote walio kwenye foleni. Mwenyekiti asimsubiri arudie. Pale pale: "Swali ni halali na liko ndani ya mada. Naomba lijibiwe." Halafu alisome upya yeye mwenyewe, ili sasa liwe swali la meza. Akikataa tena, katibu anaandika "halikujibiwa" mbele ya wote na swali linaingia kwenye kumbukumbu likiwa na namba yake. Mtoa mada anaandikiwa kesho yake na kupewa siku 14. Kumbukumbu zikichapishwa, jibu linakaa chini ya swali. Lisipokuja, panaachwa wazi, na kamati ya mwaka unaofuata inapewa orodha ya mapengo hayo kabla ya kuchagua watoa mada.